Unga wa Muhogo Kwenye Toga ya Profesa

Haya, chekeni kwanza mmalize, maana najua habari hii mmeshaisikia kwa watu na kila mmoja anaitia chumvi yake (kuna mmoja hapa Oicha anasema eti profesa alizimia akabebwa na moto, yaani pikipiki, mpaka hospitali, uongo mtupu, hakuzimia, alikohoa tu), donc afadhali muisikie kwangu, mimi Masika, mwenye aibu yangu. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi niliyeimwagia jury nzima unga wa muhogo wa foufou siku ya kutetea mémoire yangu kule Beni, mbele ya mama yangu, shangazi zangu na ukumbi uliojaa watu, na mpaka leo kuna watu Beni wakiniona barabarani wananisalimia kwa kupiga chafya.

Mémoire, kwa yule asiyejua, ni kazi ya mwisho ya masomo: unaiandika mwaka mzima, halafu unasimama mbele ya maprofesa wa jury waliovaa toga nyeusi, yale majoho, wanakuuliza maswali mpaka jasho linakutoka, na wakikubali, kwetu huku ndipo sherehe inaanza. Mtu anamwagiwa poudre nyeupe kichwani, ile ya watoto wachanga, anatembezwa barabarani akiwa mweupe namna hiyo, moto zinapiga klaxon, bidon za maji zinapigwa kama ngoma, na hakuna anayeuliza kuna nini. Ukiona kichwa cheupe umeshaelewa, huyu amepita. Desturi nzuri sana, naipenda, ila ndiyo iliyonimaliza.

Mais nianze na Kambale, mdogo wangu anayenifuata. Tulipokuwa watoto kwetu Butembo alishikwa na homa kali, shingo ikakakamaa, akawa anaukimbia mwanga, ukimgusa analia. Mama, maskini, ili ampunguzie moto, akamwosha uani kwa maji ya baridi, na asubuhi za Butembo mnazijua, hata mbwa hataki kutoka nje. Kambale alifikishwa hospitali, akatibiwa, akapona. Ila alirudi nyumbani hasikii kitu, hata ugonge sufuria nyuma ya kichwa chake. Na majirani, wale wa kujua yote, wakasema: "Ni ile maji ya baridi. Iliingiaka mu masikio." Mama akalimeza neno hilo, likabaki tumboni mwake miaka yote. Kambale alikua, akawa soudeur, milango ya chuma ya nusu ya mtaa wetu ni kazi ya mikono yake, anacheka kuliko sisi wote na tunaongea naye kwa mikono bila shida yoyote, lakini kila mtu alipomwita kwa nyuma naye hageuki, mimi niliutazama uso wa Mama, na ulikuwa unaanguka.

Ndiyo maana nilisoma biomédicale, tusidanganyane. Na mémoire yangu ilihusu chembe nyeupe za damu, hao askari wa mwili, na ukuta unaokinga ubongo. Kwa maneno ya jikoni ni hivi: ubongo una ukuta wake. Damu inapita pembeni, sukari inaruhusiwa kuingia, hewa inaruhusiwa, ila microbe, vijidudu vya ugonjwa, hapana, na hata askari wenyewe hawaingii ovyo, wanakaa mpakani, kwenye ngozi laini zinazoufunika ubongo, na wengine wanatoka ndani ya mfupa wa kichwa wenyewe, karibu kabisa na kazi (nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliruka kwenye kiti, wenzangu wa laboratoire wakadhani nimeumwa na mdudu). Basi microbe ya méningite, hiyo homa ya uti wa mgongo iliyomshika Kambale, hupitia puani na kooni, inaingia katika damu, inaufungua ukuta, askari wanakuja mbio kusaidia, na katika vita hivyo moto wanaouwasha wao wenyewe unaweza kuunguza mpaka ndani ya sikio. Mimi nilikuwa nawahesabu askari hao kwa microscope, katika yale maji yanayotolewa mgongoni mwa mgonjwa, na kwa hiyo nilijua kabisa kwamba maji ya uani hayana kesi.

Nilimwambia Mama mara ngapi! Alikuwa ananisikiliza akichambua maharagi, halafu anasema: "Masika, wewe uko na roho muzuri, mais hiyo ni maneno ya kunipoza tu. Unaweza sema hiyo mbele ya baprofeseri benyewe, baiache ipite?" Nikamwambia naweza. Nikajiapia nitayasema mbele yao, Mama akiwa amekaa pale, na wasiponikatiza atajua ni kweli. Hilo ndilo nililolitaka siku ile, kuliko hata diploma. Shida ni kwamba mémoire inatetewa kwa Kifaransa, na Kifaransa cha Mama ni bonjour na merci, basi.

Ndipo nikafanya ule uamuzi mdogo, mdogo kabisa, ambao ukiutazama huoni ubaya wake. Nilichukua chekeche la Mama, nikalitia katika sac pamoja na unga wa muhogo, maharagi ya Lubero na beseni. Chekeche ni ukuta, beseni ni ubongo, unga ni vile vinavyoruhusiwa kupita, maharagi ni microbe na askari. Ukitikisa, unga unashuka, maharagi yanabaki juu. Halafu unafungua kona moja ya wavu, ambayo nilikuwa nimeilegeza, na maharagi yanaporomoka ndani ya beseni: hiyo ndiyo méningite, hata mtoto anaelewa. Mwalimu aliyekuwa ananiongoza aliniambia, "Masika, projecteur inatosha, usituletee jikoni." Nikajibu ndiyo, chef, na nikafunga sac yangu. Tena nilikuwa nimejaribu nyumbani Butembo, kwenye meza ya salon, sebuleni, madirisha yamefungwa, nimevaa tricot mbili za sufu, unga unashuka polepole, kazi safi. (Sisi watoto wa Butembo hatuna akili ya upepo wa mashine. Kwetu anayetaka baridi anafungua mlango tu, inamjia.)

Jury yangu iliketi Beni, kwa sababu président wake alikuwa anafundisha huko. Tukashuka wote asubuhi kwa gari ya kukodi, Mama na shangazi wawili wamevaa kitenge kimoja, Kambale amekumbatia kopo kubwa la poudre kama mtu aliyebeba mtoto, na kadiri tulivyoshuka joto likapanda, tricot zikaanza kuvuliwa moja moja. Ukumbi ulikuwa mdogo, umejaa. Mama na shangazi benchi la nyuma, wengine kwenye madirisha, na Kambale mlangoni na kopo lake. Kazi ya kumwaga poudre aliitaka mwenyewe. Tulimweleza kwa mikono: jury watatoka, watarudi, watasema neno, shangazi atakuinulia mkono, ndipo umwage. Alitupungia kama kusema, mnanifundisha nini, poudre nimeanza kuiona jana?

Na nyuma ya mahali pangu pa kusimama kulikuwa na ventilateur, ile mashine ya upepo yenye mguu mrefu, imeelekezwa kwa meza ya jury ili wazee wetu wasipikwe ndani ya toga zao. Niliiona. Siwezi kusema sikuiona. Hata niliisifu moyoni, nikasema Beni wanaishi vizuri.

Président wa jury alikuwa profesa mrefu, mkavu, ambaye wanafunzi walisema hajacheka tangu enzi za Zaïre. Nilianza Kifaransa changu, picha zinapita ukutani, sauti inatulia, naona kabisa mambo yanaenda, halafu groupe, jenereta ya umeme huko nje, ikakohoa, ikazima. Projecteur ikafa, ventilateur ikalala. "Continuez, mademoiselle," akasema profesa, yaani niendelee. Ingekuwa wewe ungesoma karatasi yako ukamaliza salama. Mimi nikaona ni Mungu mwenyewe amenifungulia njia! Nikasema, "Monsieur le Président, naomba nionyeshe kwa vitu, na niseme kwa Kiswahili, mama yangu yuko hapa." Akanitazama muda, mwalimu wangu akajishika kichwa, na profesa akasema, "Fanya mbio."

Nikatoa chekeche. Watu wakacheka kidogo, sikujali. Nikasema, "Huu ndio ukuta wa ubongo," nikatia unga, nikatia maharagi, na nikamwona Mama kule nyuma anasogea kwenye ukingo wa benchi, anawasukuma watu kwa mabega ili aone. Nikajiambia, inua, Masika, inua aone vizuri. Nikaliinua chekeche mpaka juu ya kichwa changu mwenyewe, nikaanza kulitikisa kwa nguvu zangu zote.

Ni pale pale mlinzi wa ukumbi, mzee wa watu ambaye hana kosa lolote, alikuwa amemaliza kutia mafuta katika groupe, akavuta kamba. Ventilateur ikaamka.

Ndugu zangu, unga wa muhogo ni laini. Tunausifia hilo sokoni kila siku. Uliondoka juu ya kichwa changu wingu zima, ukapita meza, ukaingia puani, mdomoni, ndani ya miwani, na toga nyeusi za maprofesa zikawa nyeupe mbele ya macho yangu. Nikashtuka, nikaachia mkono mmoja, chekeche likainama, unga uliobaki wote ukanimwagikia mimi kichwani, maharagi yakafuata yakirukaruka kwenye sakafu. Profesa akafungua mdomo ili aseme kitu, ukatoka moshi mweupe.

Ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Mnaelewa? Kimya. Mtu yeyote mwenye masikio alijua kwamba hiki ni kimya cha msiba. Ila Kambale pale mlangoni hasikii kimya. Yeye aliona dada yake ana kichwa cheupe, na maprofesa pia weupe, akaelewa jambo moja tu ambalo kila mtu wa kwetu angelielewa: amepita, tena amepita vibaya sana, mpaka jury wamefurahi!

Akaruka. Alivuka benchi zile sijui kwa miguu gani, akanimwagia nusu ya kopo, akanibeba juu, akanizungusha, anatoa ile sauti yake ya furaha ambayo ni yake peke yake. Shangazi wakamwona, wakadhani kuna neno la Kifaransa limewapita, wakapiga vigelegele. Wa madirishani wakaitikia. Nje bidon zikaanza, vijana wa moto wakabana klaxon, na shangazi mkubwa (huyu sijamsamehe mpaka leo) akatoa telephone, akapiga Butembo, anapaza sauti: "Amepita! Masika amepita! Na jury nzima imepakwa poudre!" Kule nyumbani hawakungoja neno la pili, wakatoka barabarani, wakapakua sufuria. Mtaa mzima unakula na kucheza kwa ajili ya mtu ambaye hajaulizwa hata swali moja.

"Silence!" profesa akapiga kelele, akasimama. Wote wakasikia isipokuwa mmoja. Kambale alimwona mzee amesimama, amenyoosha mikono, akadhani anataka kukumbatiwa. Akamkumbatia. Halafu, kwa heshima zote, akammwagia poudre iliyobaki kwenye upara, akaisambaza vizuri kwa kiganja ili ikae sawa.

Nilitaka sakafu ifunguke inimeze na chekeche langu. Diploma ilikuwa imekwenda, hilo nililiona wazi, mais kilichoniuma hasa ni kwamba sikuwa nimefika kwenye ile kona ya wavu. Sikuwa nimesema neno hata moja juu ya masikio. Miaka yote ile ya masomo, na Mama angerudi Butembo na maji yake yale yale.

"Huyu ni nani?" profesa akauliza, sauti ya chini, ile mbaya. Kabla sijajibu nikamwona Mama anakuja, anatembea juu ya maharagi, kitenge kimemlegea, anapiga magoti mbele ya meza.

"Baba profeseri, utusamehe. Ni mutoto yangu, hasikiake. Hapana kosa yake, ni yangu. Mimi njo nilimuharibu. Alikuwa na homa, nikamuosha na maji ya baridi."

Aliyasema hivyo, mbele ya watu wote, neno ambalo hata sisi nyumbani alikuwa analisema kwa shida. Nikaanza kulia, na machozi na unga, mnajua vinavyofanya ukiviweka pamoja usoni. Kambale akatutazama, mmoja mmoja, uso wake wa furaha ukazima, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Profesa alivua miwani. Akaifuta kwa toga, ikazidi kuchafuka. Akakohoa sana, akamtazama Kambale, akamtazama Mama, akanitazama mimi, halafu akaketi.

"Mama, inuka ukae kwenye kiti. Mademoiselle Masika, swali la kwanza la jury. Mama huyu anasema maji ya baridi ndiyo yaliyomfanya kijana asisikie. Mjibu. Kwa Kiswahili, hapa mbele yetu. Ukikosea nakukatiza."

Sikumbuki kama nilisimama ama nilikaa. Nakumbuka nilimwangalia Mama peke yake. Nikamwambia microbe iliingia kwa pua na koo, siku nyingi kidogo kabla ya ile asubuhi, ikapita katika damu, ikafungua ukuta. Askari wakaja mbio, vita vikawaka, moto ukafika ndani ya sikio. Nikamwambia wakati anachota yale maji, ugonjwa ulikuwa tayari ndani.

Mama akafikiri. Kisha akauliza juu ya askari wale, na hakuna profesa aliyeniuliza swali gumu kuliko hilo: "Sasa bale basoda, balikuja kumusaidia, na njo balimuumiza?"

"Ee, Mama."

"Balifanya makusudi?"

"Hapana, Mama. Walikuja kumwokoa. Na walimwokoa, si huyo amesimama pale?"

Mama akamtazama Kambale. Akamgeukia profesa, mweupe vile, akamuuliza kama unavyomuuliza padri: "Baba, anasema kweli?"

"Anasema kweli, mama," profesa akasema. "Maji ilibaki ku ngozi. Hata mama yangu angemuosha vile vile."

Mama akafunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika, na sikwenda kumnyamazisha.

Maswali mengine yalikuja, nikajibu, sikumbuki hata moja. Jury wakatoka, wakarudi, wakasema nimepita na distinction, alama ya juu, pamoja na amri kwamba nisiondoke kabla ya kufagia ukumbi. Na hapo, kwa ushindi wenyewe wa kweli, hakukuwa na kitu. Poudre imeisha, sauti za shangazi zimekauka, bidon zimechoka, vijana wa moto wamekwenda kutafuta abiria. Wakanipigia makofi kidogo, ya adabu, na mtu mmoja dirishani akasema, "Tena?" Nikachukua ufagio. Nimeapa tangu siku ile: unga hautoki jikoni kwangu, na nikiingia ukumbi wowote wenye ventilateur nakaa nyuma yake, nimefunga mdomo.

Ile gari ya kurudi naikumbuka kuliko diploma. Siku hizi mimi niko Oicha na laboratoire yangu, wao wako Butembo, na barabara ile haina usalama, mtu hajiamulii tu kuipanda, anauliza kwanza, anangoja, anaahirisha, na sisi kukaa wote ndani ya gari moja hatujapata tena. Siku ile tulipanda kuelekea kwetu, tricot zinarudi mwilini moja moja, na Mama amekaa nyuma na Kambale, ameanza kumweleza yote kwa mikono yake mibaya (Mama anaongea na mikono kama mtu anayefukuza nzi). Maji. Uani. Masikio. Si mimi. Alirudia mara nyingi, si mimi, si mimi.

Kambale alikunja uso. Akaniangalia mimi, akauliza kwa vidole: maji gani?

Hakumbuki maji yoyote. Miaka yote hiyo hakujua hata kama kuna maji. Nikamuuliza, sasa unakumbuka nini ya ugonjwa ule? Akafikiri, akajigusa mgongo, kwamba alibebwa, na mlima wa hospitali akauchora hewani kwa mkono. Halafu akaonyesha mdomo wa Mama, akaufunguafungua wake. Mama alikuwa anaimba. Alipanda mlima ule na mtoto mgongoni, anaimba, na Kambale alikuwa anasikia.

Nilipomfasiria, Mama alimsogelea Kambale, gari inaruka kwenye mashimo. Kisha akasema, "Muulize ni wimbo gani." Nikamuuliza. Kambale akainua mabega, hajui.

Basi Mama akamshika mkono, akauweka kwenye koo lake mwenyewe, na kwa ile sauti iliyokauka kwa kulia akaanza kuimba nyimbo zote anazozijua, moja baada ya nyingine, za kanisani, za shambani, za kubembeleza watoto, na kila akimaliza mmoja anamtazama, ni huu? Na kila wimbo, mpaka tukaingia Butembo, Kambale alikuwa anaitika kwa kichwa: ndiyo, ni huo.